Gari Lisilofaa Harusi

Ukifika kwetu Moa ukataka kwenda kwa Mwanaasha, usisumbuke kuuliza njia. Fuata pua yako. Uani kwake, chini ya banda la makuti, limeegeshwa Land Cruiser kuukuu la pikapu, yale ambayo watu huyaita mkonga kwa sababu ya bomba la kuvutia hewa lililopanda ubavuni mwa kioo cha mbele. Gari hilo ni la kijiji, la kukimbizia wagonjwa na waja wazito, na linanuka papa. Wala si harufu ya kukisia. Ni papa mkavu wa miaka mingi, aliyeingia mpaka kwenye mbao. Aliyelichagua kwa kusudi ni Mwanaasha mwenyewe, na siku alipolichagua tulimwona kapungukiwa na akili.

Mimi ni jirani yake, tunachangia ukuta, na kwenye kamati ya gari tunakaa jamvi moja. Yeye ni mjane, analima mwani pwani kama wengi wetu. Ana maneno machache na mkono mwepesi wa kutoa. Ukimwomba chumvi atakupa na chungu chake. Kilema chake ni kimoja tu, nacho si chake peke yake, ni cha watu wa pwani wote: hajui kukataa. Anaona muhali. Ukimtazama usoni ukamwomba, atakupa hata kile anachokitegemea kesho, kisha usiku atalala akiumia kimoyomoyo.

Na kwetu kuomba nako kuna adabu yake. Mtu haji na shida kubwa peke yake. Anatanguliza wazee wawili watatu. Wanabisha hodi, wanakaribishwa, wanauliza habari za nyumbani, za mwani, za mvua, za mgonjwa wa nyumba ya tatu. Kahawa inanyweka. Jambo lenyewe halitajwi. Wakishaaga, wakishavaa viatu, mmoja anageuka mlangoni akasema, "Ee, tulikuwa na neno dogo." Hapo utakataaje? Umeshawapa kahawa, umeshacheka nao, na huyo mmoja alikuwa rafiki wa marehemu baba yako. Mimi nasema adabu hii ni mtego, na aliyeitunga alikuwa mwombaji.

Kabla ya mkonga tulikuwa na Noah nyeupe. Ilipatikana kwa michango yetu na ya vijana wetu walioko Mombasa na Dar, maana barabara ya kutoka kwetu mpaka uikute lami ya Horohoro, masika yakiingia, ni tope na maji ya mikokoni. Zahanati tunayo, na muuguzi wetu Devota ni hodari, mtoto wa manamba wa mashamba ya mkonge aliyekuja kufanya kazi kwetu akawa wa kwetu. Lakini mambo ya upasuaji yanataka Tanga mjini. Ile Noah ilikuwa nzuri, viti laini, vioo vyeusi, redio inaimba vizuri. Funguo akapewa Mwanaasha kwa kuwa ni mwaminifu. Hapo ndipo tulipokosea, kwa maana uaminifu ni kitu kimoja na kukataa ni kingine.

Haikupita miezi Noah ikawa gari la harusi. Leo inabeba bibi harusi, kesho inabeba vyombo, keshokutwa inapeleka wazee matangani. Kila aliyekuja alikuja na wazee wake, kila mmoja na neno lake dogo mlangoni. Siku moja ikaombwa kwa harusi ya watu wa Mwera, huko Pangani, ng'ambo kabisa. Mwanaasha akatoa funguo. Harusi ikanoga, gari likalala huko. Na siku hiyo hiyo binti yake wa pekee, Tuhfa, akashikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, na mtoto amekaa vibaya.

Walimpakia kwenye bodaboda, Devota nyuma yake akimshikilia asianguke, katika tope lile. Tuhfa alinusurika. Mtoto hakuwahi.

Hakuna aliyemlaumu Mwanaasha. Tuhfa mwenyewe hakumwambia neno, na nadhani hilo ndilo lililomchoma zaidi. Msimu mzima nilimsikia upande wa pili wa ukuta akiamka kabla ya adhana na kufagia ua ambao ulikuwa safi. Noah nayo mwishowe ikafa injini, katika safari nyingine ya harusi, na sikuililia hata kidogo.

Sasa mwaka huu, Tuhfa akapata mimba tena. Tukahesabu kwa vidole kama wanawake wanavyohesabu, tukaona uzazi utaangukia katikati ya masika.  Mwanaasha alikwenda kwa mwenyekiti wa kamati, Bwana Yakoub, akamwambia gari lipatikane kabla mvua haijaanza, na safari hii kuchagua atachagua yeye. Yakoub ni mtu mwema, lakini anapenda vitu vya kung'aa. Kofia yake haina doa, na akinunua jembe hulitazama mpini kwanza. Alikubali kwa shingo upande.

Tulikwenda mjini, mpaka Mabawa, kwenye uwanja wa mtu anayeuza magari. Yakoub akasimama mbele ya Noah nyingine, nyeupe kuliko ile ya kwanza, akaizunguka akitabasamu. Alisema inakwenda kimya, ina kiyoyozi, na mgonjwa atakaa kwa heshima. Dereva wetu Masoud akainama akachungulia chini. Alipoinuka alisema kwa upole kwamba tumbo lake limekaa karibu mno na ardhi, na kwenye maji yetu itaelea kama ndoo. Mwanaasha yeye hakutazama chini wala juu. Alifungua mlango, akaingiza kichwa, akanusa. Akatoka.

"Hii itaolewa wiki ijayo," akasema.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Yakoub alinuna njia nzima ya kurudi.

Lile mkonga lilikuwa la Haroub, Mpemba aliyehamia kwetu zamani, mfanyabiashara wa papa na ng'onda, samaki wa kukaushwa. Kila mtu Moa analijua, kwa sababu likipita watu hufunga madirisha. Haroub alikuwa ameshachoka na safari, akataka kuliuza. Asubuhi ya pili baada ya kutoka Mabawa tulimkuta ufukweni akipakua mzigo, nzi wamemzunguka kama wageni wa karamu. Masoud akalikagua gari. Akaniambia liko juu, magurudumu yote manne yanavuta, mkonga wake utavuta hewa hata maji yakifika kwenye taa, na likiharibika hakuna fundi kuanzia Horohoro mpaka Tanga asiyelijua. Kwangu hayo yalitosha. Kwa Mwanaasha bado lilibaki swali moja.

"Haroub," akamwuliza, "hili gari umewahi kuombwa kwa harusi?"

Haroub akacheka mpaka akaweka chini pakacha. "Dada yangu, harusi yangu mwenyewe nilikwenda na gari la kukodi."

"Basi tunalichukua."

Hapo nikamwelewa. Yakoub hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Kwenye kikao alisema tutachekwa na vijiji vyote mpaka Jasini, kwamba mgonjwa ni mtu na si shehena ya papa, kwamba bora tusubiri lipatikane jingine. Mchagua jembe si mkulima, nikamwambia, na masika hayasubiri. Wengine wakamgeukia Devota, maana suala la usafi ni lake. Devota alitaka sehemu ya nyuma isuguliwe kwa dawa, liwekwe turubai zuri, na godoro lenye gamba la plastiki linaloosheka. Hayo yakifanyika, yeye hana neno.

"Harufu haijamuua mzazi hata mmoja," alisema. "Barabara imewaua."

Ikapita hivyo. Tukasugua siku nzima. Vidudu vilikufa, harufu haikufa. Mwanaasha akaliegesha uani kwake, akatundika funguo kwenye msumari mlangoni, mahali anapoweza kuufikia mtu yeyote. Tangu siku hiyo hakuna mzee aliyekuja na neno dogo.

Masika yakaja. Siku ambayo nitaisimulia mpaka niingie kaburini ilikuwa siku ya harusi ya Nasima, mpwa wake Yakoub, aliyekuwa anaolewa na kijana wa Mabawa. Yakoub alikuwa amekodi Noah mbili kutoka mjini, zimepambwa maua na riboni. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, wala haikuonyesha dalili ya kuchoka. Nikaha ilishafungwa. Bibi harusi amekaa na hina yake na udi wake, anangoja kupelekwa, na magari hayaji. Mara akaja mtu akasema Noah zote mbili zimezama tope kule kwenye mto wa mikokoni.

Kina mama wakahangaika. Mmoja, sijui nani, akasema si lipo gari la kijiji, tupande hilo tuvuke. Wakatumwa watu kwa Mwanaasha. Safari hii hakukuwa na wazee wala kahawa, ni haraka tu, na Mwanaasha, nilimwona kwa macho yangu, mkono wake ulikwenda kwenye msumari. Muhali ni ugonjwa. Akawapa funguo. Masoud akalileta gari mpaka mlangoni kwa kina Nasima, wakamtoa bibi harusi amejifunika ushungi, hatua tatu, nne, upepo ukageuka. Nasima akasimama. Akaziba pua kwa ncha ya mtandio wake wa hariri.

"Bora nilale kwetu," akasema. "Hata wiki nzima."

Akarudi ndani, na mama zake wakamfuata wakilalamika. Masoud akalirudisha gari uani, akitikisa kichwa. Alikuwa hajazima injini vizuri Tuhfa, aliyekuwa amerudi kwa mama yake kujifungua, alipotoka chumbani akishika ukuta, akamwambia mama yake chupa ya maji imepasuka.

Devota alifika na mkoba wake, akampima, uso wake ukabadilika. Mtoto amelala mkingamo, kama yule wa kwanza. Lazima mjini, na lazima sasa. Mwanaasha alikuwa amesimama katikati ya ua, mvua inamwagika juu yake, hajui afanye nini na mikono yake. Nilimshika bega nikamsukuma ndani ya gari. Tukamlaza Tuhfa kwenye godoro, Devota upande mmoja, mama yake upande wa pili, mimi miguuni nikishikilia turubai. Ndani mle papa alinuka, Mungu anisamehe, kama tumelala naye.

 Njiani Mwanaasha alikuwa anasoma dua, midomo inakwenda haraka. Nilikuwa naogopa, siwezi kuficha. Nilikuwa namwona yule mtoto wa kwanza kila gari liliporuka.

Kwenye mto wa mikokoni tulizikuta zile Noah, moja imekaa katikati ya njia kabisa, maua yake yamelowa yakaning'inia. Wanaume wa harusi walikuwa wanasukuma, kanzu zimekuwa rangi ya udongo. Yakoub alikuwa miongoni mwao. Alipoliona gari akaja akifoka, akidhani tumempakia bibi harusi bila kumwuliza. Akafungua turubai, akamwona Tuhfa.

 Alirudi kwa wenzake, wakafunga mnyororo, Masoud akalirudisha gari nyuma, Noah ikang'oka na kukaa pembeni kama kuku aliyelowa. Kisha Yakoub akajifunga kanzu yake ya harusi kiunoni, akavua kofia yake isiyo na doa akaitia mfukoni, akaingia majini. Alitutangulia mto wote, akipapasa kwa miguu mahali palipo pagumu, maji yakimpanda mapajani, akimwonyesha Masoud kwa mkono, huku, huku, si huko. Sisi tulipita nyuma yake, injini inaunguruma, maji yanagonga milango, na gari halikukohoa hata mara moja. Tulipofika ng'ambo akapiga bati kwa kiganja, akatuambia twende. Nimemtania Yakoub miaka mingi, lakini siku ile nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Lami tukaikuta. Mjini tukafika. Tuhfa akaingizwa upasuaji, nasi tukakaa kwenye benchi, tumelowa, na watu wote waliokaa karibu nasi wakahama mmoja mmoja. Muuguzi mmoja alipita, akarudi, akauliza kwa heshima nani kaleta samaki. Devota alicheka mpaka akalia, na mimi nikacheka, ila Mwanaasha aliendelea kusoma.

Mtoto alitoka mzima. Msichana, mzito, mwenye sauti. Walipomleta Mwanaasha alimpokea, akamnusa shingoni, na hapo ndipo machozi yake yakatoka, yale ya mwaka huu na yale ya kabla yake. Nami nililia pamoja naye, na sioni haya kusema kwamba nimeishi umri wote huu sijapata kufurahi kama nilivyofurahi kwenye benchi lile.

Hadithi ingeishia hapo kama watu wa Moa wangekuwa na akili. Lakini watu wa Moa wana shukrani, na shukrani yetu ina mambo yake.

Mwanaasha alibaki mjini kumuuguza binti yake. Masoud na mimi tukarudi na gari. Yakoub, aliyekuwa ameguswa kweli, akaona haifai mzazi na mtoto mchanga warudi nyumbani katika uvundo. Akawakusanya kina mama. Sikuweza kuwazuia, maana walikuja na furaha na nyimbo. Walisugua gari kwa sabuni, kwa ndimu, kwa mchaichai uliochemshwa. Mbao za nyuma wakazitoa, wakaweka mpya. Wakaweka chetezo ndani, wakafunga turubai, wakafukiza udi tangu adhuhuri mpaka alasiri. Kisha wakatundika asumini kwenye kioo. Nasema kweli, lilinukia kama chumba cha bibi harusi.

Siku ya kuwachukua, Mwanaasha alikuja mlangoni mwa gari na mjukuu mkononi, akasimama. Akanusa. Alinitazama, nami nikatazama pembeni. Njia nzima hakusema, na Tuhfa akadhani mama yake kachoka.

Hazikupita siku nyingi. Alasiri moja nikasikia hodi kwa jirani yangu. Nikaweka sikio ukutani, kwa nini niseme uongo. Alikuwa Yakoub na wazee wawili. Walimwona mtoto, wakamwombea dua, wakauliza habari za mwani na za mvua. Kahawa ikanyweka. Wakaaga. Wakavaa viatu. Kisha nikasikia sauti ya Yakoub, tamu kama halua, ikisema walikuwa na neno dogo: kina mama wanataka kwenda Mabawa kumtazama Nasima kwa mumewe, siku moja tu, na sasa gari limekuwa zuri, hata aibu hamna.

 Nikafumba macho. Nikamsikia Mwanaasha akisema, kwa upole wake wote, waje kesho asubuhi, funguo watazikuta.

Nilipandwa na hasira. Nilikwenda kwake nikiwa na maneno yangu yote tayari, nikamkuta hayupo. Tuhfa akaniambia kaenda kwa Haroub. Nikangoja. Alirudi jua likiwa bado lipo, amebeba dumu mkononi, mafuta ya papa, yale ya kupaka madau mbao zisioze. Alivua kandambili zake, akapanda nyuma ya gari, akaliondoa godoro la Devota kwa uangalifu, akaliweka pembeni kwenye mkeka safi. Kisha akachovya kitambaa, akaanza kupaka. Alipaka mbao mpya, chini ya viti, kwenye kila ufa, bila haraka, kama mtu anayempaka mtoto mafuta baada ya kuoga. Nzi wakaanza kuja.

"Shoga," nikamwambia, "si ungewaambia tu hapana?"

Alisimama kidogo, kitambaa mkononi. Kutoka ndani tulimsikia mtoto akilia, na Tuhfa akimbembeleza.

"Mie kukataa siwezi," akasema. "Nimejaribu tangu nazaliwa. Wacha gari likatae."

Nikachukua kitambaa kingine, nikapanda naye.

Asubuhi Yakoub na wazee wake walikuja mapema, wamependeza. Walifika langoni wakasimama. Mmoja akavuta ncha ya shuka lake juu ya pua. Yakoub akalitazama gari, akalitazama dumu tupu pembeni ya banda, kisha akamtazama Mwanaasha, ambaye alikuwa amesimama mlangoni kwa adabu zote, funguo mkononi, amewanyooshea.

Yakoub akazitazama zile funguo. Kisha akacheka, kwanza polepole, halafu kwa tumbo lote, mpaka akashika nguzo ya banda.

"Sie tumekuja kumwona mtoto tu, dada yangu," akasema.

Mwanaasha akazirudisha funguo kwenye msumari, akawakaribisha ndani, akaenda kuinjika kahawa.